Safari ya Gari Lililosimama

Ipo nchi moja, wala si mbali, na msomaji atakayedhani ni kwao anashauriwa kutodhani kwa sauti. Wenyewe wanaiita Dola Tukufu. Ni nchi nzuri, yenye mito, viazi na Sheria ya Mafuta. Mito na viazi vilikuwepo tangu mwanzo. Sheria ya Mafuta ililetwa na Muasisi wa taifa, ambaye siku moja jukwaani, katikati ya hotuba iliyohusu mambo mengine kabisa, alisema kwamba gari hula mafuta linapotembea, na lililosimama halili kitu. Watu walipiga makofi. Bunge likaona neno lililopigiwa makofi kiasi kile halifai kuachwa hewani, likaligeuza kuwa kifungu cha nne.

Tangu siku hiyo, dereva wa serikali akitumia lita moja, alipaswa kuonyesha kilomita kumi. Akizikosa kilomita, basi yeye ni mwizi, na mwizi wa mafuta ya Dola alipewa miaka mitatu gerezani.

Sheria ingekaa vizuri kabisa kama wakubwa wangekubali magari yao yazimwe. Hawakukubali. Mkubwa wa Dola Tukufu akikalia kiti chenye joto alijiona ametukanwa, kwa hiyo kila uwanja wa wizara ulijaa mashangingi yaliyonguruma tangu asubuhi hadi jioni, viyoyozi vikiwa vimefunguliwa mpaka mwisho, na ndani dereva mmoja aliyevaa sweta na soksi mbili mbili huku nje jua likipasua lami. Jioni mafuta yalikuwa yamekwisha, na kilomita hazikuwepo.

Madereva wakajitafutia njia. Kila jioni, baada ya kuwashusha wakubwa wao majumbani, walikusanyika kwenye kipilefti cha katikati ya mji na kuzunguka. Walizunguka mara mia, mara mia mbili, wakiwa wamejipanga kama mchwa, hadi mita zisome kilomita zilizotakiwa. Na kwa kuwa kuzunguka nako kulikula mafuta, tena zaidi ya kwenda mbele, iliwabidi wazunguke zaidi ili kueleza mafuta ya kuzunguka. Wapo waliozunguka hadi tanki likakauka, na bado hesabu haikukubali. Wageni waliopita mjini waliandika katika barua zao kwamba wenyeji wanakipenda sana kipilefti chao.

Dereva mmoja tu hakuzunguka. Aliitwa Mdoe Kingazi, mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye mabega mapana na maneno machache, na tangu aajiriwe hajawahi kutoka na hata tone la mafuta la kuwashia jiko. Kwa bahati alikuwa na mkubwa aliyesafiri sana mikoani, kwa hiyo lita na kilomita zake zilipatana zenyewe. Wenzake walimcheka. Walimwambia, Mzee Mdoe, siku yako ipo, mkubwa wako akizeeka magoti utatufuata hapa hapa. Mdoe aliwajibu kwamba yeye aliajiriwa kupeleka watu mahali, si kuzungusha gari kama mtu anayekoroga uji.

*

Siku yake ilifika katika Wiki ya Kubana Mafuta.

Mkubwa wake alikuwa Mheshimiwa Tiberio Lukanga, Waziri wa Mafuta. Waziri ndiye aliyepaswa kuifungua wiki hiyo kwa hotuba ya saa mbili, katika ukumbi uliokuwa hatua mia tatu kutoka ofisini kwake. Walikwenda kwa gari, kwa kuwa waziri hatembei. Walipofika, mheshimiwa akafungua mlango, joto likampiga usoni, akaufunga. Akamwambia Mdoe amwite naibu wake akasome ile karatasi, yeye anapumzisha macho kidogo.

Aliyapumzisha tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mdoe alikaa mbele, mikono kwapani kwa baridi, akiitazama geji ikishuka. Alijua vizuri kinachotokea. Kwa miaka mingi alikuwa amepima kwa macho yake mwenyewe: gari lile likinguruma bila kiyoyozi lilikunywa lita moja na kidogo kwa saa, na kiyoyozi kikiwa wazi, lita mbili kamili. Mara mbili aligeuka nyuma na kumwambia mheshimiwa kwamba mafuta yanakwenda. Mara ya kwanza mheshimiwa alikoroma. Mara ya pili aliuliza, bila kufumbua macho, yanakwenda wapi wakati gari limesimama.

Kesho yake mkaguzi wa mafuta, Bwana Kasoga, mtu mwembamba aliyetembea na kijiti cha kupimia tanki kama mwanajeshi na bunduki, aliligonga gari, akachovya, akasoma. Zilikuwa zimepungua lita kumi na nane. Mita ilionyesha hatua mia tatu za kwenda na mia tatu za kurudi.

"Mafuta yako wapi?" akauliza.

"Yameliwa na injini, mkuu."

"Gari lilikuwa linakwenda wapi?"

"Halikuwa linakwenda. Lilikuwa limewashwa."

"Basi halikula," alisema Kasoga, tena kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni namna ya kuvua viatu. "Kwa nini hukupita kipilefti, Mdoe? Wenzako wote wanapita."

Mdoe akasema hakuona sababu ya kumzungusha mtu kwa uongo. Kasoga akamwandikia shtaka la wizi.

*

Habari zilimtangulia nyumbani. Mkewe, Bi Sikudhani, alikuwa mshonaji wa mapazia, na kwa miaka yote hiyo alikuwa amezoea kutembea mtaani na kichwa chake juu, kwani mumewe alijulikana. Siku ile majirani walianza kuja. Hawakuja kumpa pole. Walikuja mmoja mmoja, kwa adabu, kila mmoja na dumu chini ya kanga au ndani ya kikapu, wakiuliza kwa sauti ya chini kama yale mafuta bado yapo, na kama wao wanaojuana wanaweza kupata la kuanzia. Walipoambiwa hakuna mafuta, walikonyeza. Walisema wanaelewa, watarudi mambo yakitulia.

Hilo la kukonyezwa ndilo lililomchoma Sikudhani. Miaka mitatu ya gereza aliweza kuihesabu; macho ya mtaa hayakuwa na hesabu. Mumewe alipoingia alimkuta ameketi katikati ya kitambaa cha bluu, mkasi mkononi, hakati.

"Baba Mshamu," alisema, akimwita kwa jina la kifungua mimba wao, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine. "Nakuuliza mara moja na sitarudia. Ulichukua?"

"Sikuchukua."

"Basi nenda ukaseme hivyo, hata wakikupa kumi. Mimi sitaki mume aliyesamehewa. Nataka mume ambaye hakuiba."

*

Kesi ilisikilizwa na Hakimu Perpetua Nzota, mwanamke aliyeheshimika kwa kuwa hajawahi kuivunja sheria hata pale sheria ilipomwomba aivunje. Mdoe alimwita shahidi mmoja tu, Waziri wake. Lakini hotuba ya Waziri ilikuwa imechapishwa magazetini, pamoja na makofi, na picha yake ya mwaka wa juzi. Mheshimiwa Lukanga asingeweza kusema alikuwa amelala garini bila kulikanusha gazeti la serikali. Alipoulizwa kama alikuwa ndani ya gari siku ile, alijibu kwamba hakumbuki gari, ila anakumbuka ubaridi.

Mdoe akaomba jambo moja. Akaomba gari lile lile lijazwe tanki, liwashwe uani kwa mahakama, kiyoyozi kikiwa wazi, tangu saa tatu hadi saa kumi na mbili, kisha lichovywe kijiti. Ombi hilo halikuwahi kutolewa tangu nchi ipate uhuru, kwa hiyo iliundwa tume ya watu kumi na mmoja kulisimamia. Wajumbe wote kumi na mmoja walikuja kila mtu na shangingi lake, wakaliegesha kulizunguka gari la majaribio, na wakabaki ndani kwa ajili ya joto, injini zikinguruma, ili waangalie kama gari linalonguruma hula mafuta. Kufikia alasiri magari manne ya tume yalikuwa yamekata pumzi. Wajumbe walishuka, wakatazama huku na huku, wakaandika katika taarifa kwamba eneo la mahakama lina wezi.

Jioni Kasoga alichovya kijiti katika gari la majaribio. Lita kumi na nane hazikuwepo. Alichovya tena. Akakifuta kijiti kwa leso, akachovya mara ya tatu; kijiti kilisoma vile vile.

Hakimu Nzota alijifungia siku mbili. Alipotoka, mahakama ilijaa hadi madirishani, na Sikudhani alikuwa kiti cha mbele, macho yakiwa mdomoni mwa hakimu.

"Sheria inasema gari lililosimama halili," alisoma hakimu. "Mahakama imeshuhudia kwamba gari hili limekula. Sheria haiwezi kukosea. Kwa hiyo gari hili halikuwa limesimama."

Watu wakatazamana. Hakimu akaendelea kusoma, taratibu, bila kuinua kichwa. Lita kumi na nane ni kilomita mia moja na themanini. Siku ile ya Wiki ya Kubana Mafuta gari lilikuwa limeelekea mashariki. Mpaka wa mashariki uko kilomita mia moja na arobaini kutoka mjini. Ilikuwa wazi basi, kwa yeyote anayejua kujumlisha, kwamba saa kumi na mbili jioni gari hilo lilikuwa limeingia nchi jirani kiasi cha kilomita arobaini. Mafuta yalitumika kihalali. Mshtakiwa hakuiba.

Sikudhani alishusha pumzi. Lakini hakimu hakuwa amemaliza. Mafuta yaliyotumika, alisema, yalitosha kwenda tu. Hakuna ushahidi wowote wa kurudi. Dereva Mdoe Kingazi bado yuko nje ya nchi, na mahakama haiwezi kumwachia huru wala kumfunga mtu asiyekuwepo. Shauri linaahirishwa hadi atakaporejea.

Mdoe, akiwa amesimama hatua nne mbele yake, aliuliza: na mheshimiwa Waziri je, si walikuwa gari moja? Hakimu akajibu kwamba mawaziri hurudi kwa ndege.

*

Mheshimiwa Lukanga aliondoka mahakamani akiwa mtu mpya. Alikuwa amefanya ziara rasmi nchi jirani bila kujua. Wiki ile ile ziara yake ilitangazwa kuwa ya mafanikio makubwa, na akapokewa upya, uani kwa wizara, pale pale gari lake lilipoegeshwa kila siku, kwa bendi, shada la maua na watoto wa shule walioimba:

Karibu mgeni wetu, umetoka safarini,
Ulivuka nchi tatu, ukiwa umo kitini.

Nchi ilikuwa moja, lakini mwalimu aliyetunga wimbo alihitaji tatu.

Mawaziri wengine waliona, na wivu ukawakaba. Ndani ya mwezi mmoja hakuna mkubwa aliyebaki nchini. Waziri wa Utamaduni aliliwasha gari lake siku nne mfululizo akafika baharini, akaleta taarifa kuhusu samaki. Waziri wa Kilimo alielekeza gari lake kaskazini kwa makosa na akalazimika kujifunza lugha ya huko. Bendi ya uwanja wa ndege ilihamishiwa kwenye maegesho ya wizara, na hapo ikaanza kujengwa jukwaa la ghorofa mbili la kuwapokea wasafiri.

Mafuta ya nchi yalielekezwa kwenye safari hizo. Mabasi yakasimama, na kwa kuwa yalisimama, sheria ikasema hayahitaji mafuta. Mashine za kusaga zikanyamaza. Gari la wagonjwa la hospitali kuu lilisukumwa kwa mikono, mgonjwa ndani na ndugu zake nyuma, likipita kando ya viwanja vilivyojaa magari yasiyo na mtu, yakinguruma. Wananchi walilitazama jambo hilo na kusema kwamba hakika nchi inakwenda.

Na Mdoe? Mdoe alikuwa nje ya nchi. Asubuhi ya kwanza mlinzi wa wizara, aliyemjua kwa miaka kumi na tano, alimzuia getini kwa masikitiko, akamwomba akirudi salama amletee zawadi. Nyumbani Sikudhani alipokea barua ya serikali ya kumpa pole kwa upweke. Aliisoma kwa sauti huku mumewe akimega ugali mbele yake. Majirani walipunguza madumu lakini waliongeza maswali: kumbe alikimbilia ng'ambo, alikimbia nini. Jina lake halikuwa la mwizi tena, wala halikuwa safi. Lilikuwa halipo.

Kila juma alikwenda kwa Kasoga kuuliza atarudije. Mwishowe Kasoga, ambaye tangu siku ya kijiti hakuwa analala vizuri, alimpatia kibali. Atapewa lita kumi na nane ndani ya dumu. Atazimimina katika gari, ataligeuza lielekee magharibi, ataliwasha na kukaa saa tisa. Kwenye saa ya pili Kasoga atamgongea muhuri wa kuvuka mpaka. Jioni atakuwa amefika, na hakimu atalisoma jina lake likiwa safi.

*

Alifika uani kwa wizara mapema, amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi na Sikudhani mwenyewe. Alikuwa ameliinua dumu kulimimina wakati fundi mmoja mwashi alipoanguka kutoka ghorofa ya pili ya jukwaa la mapokezi. Mguu ulivunjika ukageukia upande usio wake. Wenzake sita walikimbia wakarudi wakilisukuma gari la wagonjwa lililokuwa limekwama mtaa wa pili, wakamlaza ndani, kisha wakaanza kulisukuma kuelekea hospitali, kilomita sita, mlima mtupu, na fundi akiita jina la mama yake kila tairi lilipopita shimo.

Mdoe alisimama na dumu mkononi. Kasoga alimwambia, karibu kwa kumsihi, kwamba hayo hayamhusu mtu aliye nje ya nchi. Mdoe alilifuata gari la wagonjwa, akafungua kifuniko, akamimina lita zote kumi na nane, akamwomba dereva wake ampishe, na akaendesha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu gari kwenda mahali mjini mle, na watu walitoka madukani kulitazama.

Mguu wa fundi ulipona. Mdoe alikamatwa jioni ile ile, kwa wizi wa mafuta ya kibali.

*

Safari hii mahakama ilijaa mawaziri. Walikuwa wameketi safu tatu, mashada ya maua bado shingoni, kwani wakili mmoja alikuwa amewaeleza hatari iliyokuwepo. Kama Mdoe atasema yuko nje ya nchi, basi mtu aliye ng'ambo hawezi kuiba nyumbani, ataachwa aende zake, na ziara zote zitabaki ziara. Lakini kama atasema yupo, maana yake hakwenda. Kama hakwenda, gari lilisimama na likala. Na kama gari lililosimama linakula, basi hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kufika popote.

Hakimu Nzota naye aliyajua hayo. Alivua miwani. Alimwambia mshtakiwa kwamba atamuuliza swali moja, ajibu polepole, na akumbuke kwamba jibu moja lina miaka mitatu ndani yake na jingine halina hata siku.

"Mdoe Kingazi, uko wapi?"

Waziri Lukanga aliinama kutoka safu yake, akanong'ona kwa sauti iliyosikika hadi uani kwamba nchi jirani ina hali ya hewa nzuri, mzee, sema tu.

Mdoe alimtazama mkewe. Sikudhani hakutikisa kichwa wala hakukiinamisha. Alikuwa amekwisha sema.

"Niko hapa," alisema Mdoe. "Nimesimama hapa, na siku ile pia nilikuwa nimesimama. Za ukumbini sikuchukua hata tone, zililiwa na injini, mheshimiwa akiwa nyuma amelala. Hizi za pili nilizichukua, na zilikokwenda mnakujua. Andika hivyo, mheshimiwa hakimu. Usiongeze, usipunguze."

Hakimu alivaa tena miwani yake. Kisha akaandika, na alipokuwa akiandika ilisikika sauti ya shada moja likivuliwa, halafu jingine, halafu safu nzima. Ziara arobaini na moja zilifutwa kwa aya mbili. Kuhusu lita za kwanza, mshtakiwa hakuiba wala hajawahi kuiba. Kuhusu za pili, miaka mitatu, kuanzia atakapofikishwa gerezani kwa gari la magereza, kama kanuni inavyotaka.

Gari la magereza lilikuwa nje likimsubiri. Lilikuwa limemsubiri tangu asubuhi, kwa heshima ya mahakama, injini ikinguruma. Askari alimpandisha Mdoe, akafunga mlango kwa kufuli, akaketi mbele, akatia gia. Gari likakohoa mara mbili, likafa.

Askari alishuka. Alichungulia tanki, akagonga, akasikiliza. Alieleza kwamba mfungwa hawezi kupelekwa kwa miguu, kanuni haina miguu, kwa hiyo itabidi asubiri mafuta yapatikane. Sikudhani akauliza yatapatikana lini. Askari akatazama uwanja uliojaa mashangingi yaliyonyamaza moja baada ya jingine, akasema hilo hata Waziri hajui.

"Basi atasubiri nyumbani," alisema Sikudhani. "Fungua hapo."

Askari alifungua, kwa kuwa hakuona kanuni inayomkataza. Mdoe akashuka, mkewe akamkung'uta vumbi mabegani, wakashika njia ya mtaani kwao. Walipokuwa wamefika ng'ambo ya barabara Sikudhani aligeuka.

"Mkipata mafuta njooni, hatukimbii," alimwambia askari. "Mkifika msilizime gari. Liacheni lingurume tu pale mlangoni wakati namfungashia nguo zake. Mimi kufungasha si mwepesi."